Baba asiuze kiwanja kwanza: kuchagua shahada ya uzamili Ulaya kwa kazi ya hisabati ya fedha

Swali:

"Shikamoo dada. Nina miaka 26. Nilisoma Takwimu Bima Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikamaliza na GPA ya 4.2. Mwaka wa pili huu nipo benki hapa Dar, kitengo cha vihatarishi, nakokotoa hasara tarajiwa za mikopo kwa utaratibu wa IFRS 9, ile kanuni ya kimataifa ya uhasibu. Python na Excel natumia kila siku, R kidogo. Nataka kuwa kwanti, yaani mwanahisabati wa masoko ya fedha, London au popote Ulaya. Nimekubaliwa shule moja ya biashara London kusoma shahada ya uzamili ya 'fedha na uwekezaji', mwaka mmoja, ada pauni 38,000. Baba yuko tayari kuuza kiwanja cha Kigamboni. Mjomba anasema bora MBA au CFA kwa sababu zinajulikana. Rafiki yangu aliyeko Ujerumani anasema kule ada hakuna, ila vyuo vyao havina majina. Mwingine kaniambia bila PhD nisijisumbue. Shule ya London inataka pauni 4,000 za kushikilia nafasi kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Nichague ipi?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Umeandika kwa utulivu, lakini tarehe ya malipo naiona inakusukuma, kwa hiyo nianze na hiyo: pauni 4,000 usilipe. Kwenda Ulaya si kosa, na London si mbaya. Tatizo ni kwamba shahada uliyopewa si shahada ya kazi unayoitaka, na nitakueleza kwa nini kabla hatujafika kwenye majina ya vyuo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana watu wengi huchagua chuo kabla ya kujua wanakwenda kufanya nini. Chukua mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeagiza vigae China. Atalipa dola 100,000 baada ya miezi sita na anaogopa shilingi itashuka. Benki kubwa ya kimataifa inaweza kumuuzia opsheni: haki, si wajibu, ya kununua dola hizo kwa bei iliyopangwa leo. Je, benki itoze kiasi gani? Wengi hudhani benki inabashiri dola itakwenda wapi. Haibashiri. Inanunua sehemu ya zile dola leo. Dola ikipanda inaongeza, ikishuka inapunguza, siku hadi siku mpaka mkataba uishe. Kila inaporekebisha inapoteza kidogo, kwa kuwa inanunua bei ikiwa juu na kuuza ikiwa chini. Jumla ya hizo hasara ndogondogo ndiyo gharama ya opsheni, na inategemea jinsi bei inavyotikisika njiani kuliko mahali itakapoishia. Hilo ndilo wazo ambalo Fischer Black, Myron Scholes na Robert Merton walilichapisha mwaka 1973.

Sasa jaribu kuikokotoa hiyo jumla. Bei ya soko haina mstari laini. Ukiivuta karibu, kila kipande kina meno kama msumeno. Kalkulasi uliyojifunza kidato cha sita inagoma hapo, kwa sababu inahitaji mstari wenye mteremko unaoeleweka. Mjapani Kiyosi Itô aliunda kalkulasi nyingine kwa ajili ya njia za namna hiyo katika miaka ya 1940, na nyuma yake kabisa yupo Louis Bachelier, aliyetetea tasnifu yake Paris mwaka 1900 akieleza bei za soko kwa hisabati ya nasibu, yaani ya mambo yanayokwenda kwa bahati. Anayeajiri kwanti wa kupanga bei anataka mtu anayejua fomula ilizaliwaje, na inavunjika lini. Shahada nyingi za fedha na uwekezaji zinafundisha kuitumia tu. Nimekagua modeli za benki kwa miaka tisa, na sijawahi kuona modeli ikiharibika katikati ya fomula. Huharibika pembeni, pale ambapo dhana yake moja imeacha kuwa kweli na hakuna aliyeikumbuka.

Ila kupanga bei ni tawi moja tu. Tawi la pili ni la wanaotafuta mwelekeo wa bei kwa takwimu: kampuni za biashara ya haraka, zinazonunua na kuuza kwa kompyuta kwa kasi kubwa, na mifuko ya uwekezaji. Huko kalkulasi ya Itô haitumiki sana. Wanataka takwimu nzito, uwezekano, programu safi, na akili inayokataa kudanganywa na data. Tawi la tatu ni langu: vihatarishi na ukaguzi wa modeli. Halina sifa mitaani, lakini liliongezeka sana baada ya mgogoro wa 2008, pale mamlaka zinazosimamia benki zilipotaka kila modeli ikaguliwe na watu tofauti na walioijenga. Wewe tayari una mguu mmoja humo. IFRS 9 ilianza kutumika Januari 2018, na kazi unayoifanya Dar ni ndugu wa damu wa kazi inayofanyika Frankfurt. Usiifiche kwenye CV kana kwamba ni kazi ya ofisi ya kawaida.

Turudi kwa washauri wako. Mjomba ana nia njema. MBA ni shahada ya uongozi. Mlango huu haiufungui. CFA ni cheti cha heshima kwa wachambuzi wa hisa na wasimamizi wa mifuko, na kama ungetaka kazi hiyo ningekwambia anza kesho. Usaili wa kwanti hauigusi. Wa PhD ana ukweli nusu: baadhi ya vikundi vya utafiti hupendelea wenye PhD, hasa kwenye mifuko mikubwa, lakini vihatarishi, ukaguzi, kupanga bei na kampuni nyingi za biashara ya haraka huchukua watu wa uzamili kila mwaka. Na rafiki yako wa Ujerumani amekosea kwenye hilo la majina. Jina la chuo linalosikika Posta au Masaki si lazima liwe ndilo linalosikika kwa mtu anayesoma CV yako. Orodha za vyuo bora duniani hupima utafiti wa chuo kizima, pamoja na udaktari na kemia. Anayeajiri kwanti anauliza idara: ulifundishwa na nani, ulisoma kozi zipi, waliokutangulia walituonyesha nini.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Shahada yangu ya kwanza ya uzamili ilikuwa na jina zuri kuliko yako, ikitolewa na shule ya biashara. Kwenye usaili wangu wa kwanza niliulizwa swali la sarafu. Nalo ni hili: unarusha shilingi mpaka upate kichwa mara mbili mfululizo, kwa wastani utarusha mara ngapi? Nikajibu nne kwa kujiamini. Jibu ni sita. Wakanipa la pili: mpaka upate kichwa kisha mwenge? Hapo ndipo jibu ni nne. Sababu ni nzuri sana. Unaposubiri kichwa-kichwa ukakosea baada ya kichwa cha kwanza, umeangukia mwenge na unaanza upya kabisa. Unaposubiri kichwa-mwenge ukakosea, umepata kichwa kingine, kwa hiyo bado umebaki na kichwa mkononi. Kosa moja linakurudisha sifuri, lingine halikurudishi. Mtu aliyesoma michakato nasibu anaiona ndani ya dakika moja. Mimi nilikuwa nimelipia mwaka mzima wa mawasilisho ya makundi, sikuiona. Nililazimika kurudi darasani.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza: fungua orodha ya kozi za lazima na utafute vitu vinne. Nadharia ya uwezekano iliyojengwa juu ya nadharia ya kipimo (measure theory). Michakato nasibu na kalkulasi yake. Takwimu pamoja na ujifunzaji wa mashine. Na mbinu za kukokotoa kwa kompyuta, ikiwezekana zikiwa na C++ pamoja na Python. Tazama pia walimu: je, wapo idara ya hisabati, au ni wageni wa jioni? Shahada ikikosa viwili kati ya hivyo vinne, jina lake lisikushughulishe.

Kigezo cha pili ndicho ambacho hakuna anayekuambia, na kwa mtu wa pasipoti yetu kina uzito kuliko cha kwanza: kalenda ya ajira. Benki na kampuni kubwa za London hufungua maombi ya kazi na ya mafunzo ya kiangazi kuanzia Agosti mpaka vuli, kwa ajili ya mwaka unaofuata. Shahada ya mwaka mmoja inaanza mwisho wa Septemba. Maana yake unatua Heathrow, unatafuta chumba, hujasoma hata wiki mbili za kalkulasi nasibu, na tayari mitihani ya mtandaoni ya waajiri inakusubiri. Wenzako darasani waliofanya mafunzo benki kiangazi kilichopita wamekutangulia mbali. Ukikosa duru hiyo, hakuna mwaka wa pili wa kujaribu ukiwa mwanafunzi.

Shahada ya miaka miwili inafanya kazi tofauti. Mwaka wa kwanza unasoma na kukosea bila hasara kubwa. Katikati unafanya mafunzo kwa vitendo, ile tunayoiita fildi, na mara nyingi mwajiri wa mafunzo ndiye anayekuajiri, kwa sababu ameshakuona ukifanya kazi miezi kadhaa. Kwa mtu asiye na shangazi ndani ya benki, hiyo miezi ndiyo shangazi.

Sasa miji, mmoja mmoja.

London ndiyo soko kubwa zaidi Ulaya, hilo sibishi. Shahada zenye uzito, London na nje yake, zipo: Hisabati na Fedha ya Imperial College, Hisabati ya Fedha na Ukokotozi ya Oxford inayochukua miezi kumi, Hisabati ya Fedha ya LSE (London School of Economics), na ya Warwick. Zote zinatoka kwenye hisabati, na hizo ndizo ungelinganisha nazo hiyo yako. Ada kwa mgeni ni kubwa. Imperial imeshavuka pauni 40,000, ambazo ni zaidi ya milioni 120 za Kitanzania, kabla hujala. Kwa viza utaonyesha takriban pauni 1,500 kwa mwezi za kujikimu London kwa miezi tisa, na juu yake ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Baada ya kumaliza, viza ya wahitimu inakupa miaka miwili ya kutafuta na kufanya kazi, lakini serikali imeamua kuipunguza iwe miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Mtu aliyeandaliwa vizuri, mwenye ufadhili, aende London bila wasiwasi. Anayekwenda kwa bei ya kiwanja cha baba anabeba mzigo ambao soko halitamhurumia nao.

Paris ndiyo nyumbani kwa taaluma hii. Mwaka 1990 mwanahisabati Nicole El Karoui, pamoja na Hélyette Geman, alianzisha mafunzo ya uwezekano na fedha katika chuo ambacho sasa ni Sorbonne Université, na École Polytechnique ni mshirika wake. Wahitimu wake wamejaa kwenye benki za London na New York, kiasi kwamba mwaka 2006 Wall Street Journal iliandika habari zake ukurasa wa mbele. Kuna pia ile ya Université Paris Cité, na ya Dauphine. Ada ya chuo cha umma kwa asiye wa Umoja wa Ulaya ni chini ya euro 4,000 kwa mwaka, na vyuo kadhaa husamehe sehemu yake. Mwaka wa mwisho humalizika kwa mafunzo ya kazini ya takriban miezi sita, na huo ndio mlango mkuu wa ajira. Baada ya Brexit baadhi ya benki za Marekani zilihamishia madawati ya biashara Paris, kwa hiyo mlango umepanuka. Kikwazo ni kimoja na ni kikubwa: mafunzo hayo ya El Karoui ni kwa Kifaransa, na hisabati yake ni kali. Wewe wa Dar huna Kifaransa, kwa hiyo nakuwekea pembeni. Lakini kama anayesoma hapa alisoma Bujumbura au Lubumbashi, hisabati yake yote kwa Kifaransa, namsihi aangalie Paris kabla ya London. Wengi wa upande huo hukimbilia Kiingereza na kuacha hazina iliyo mkononi.

Uswisi kuna mbili nzuri sana, zote kwa Kiingereza: Fedha za Kihisabati inayotolewa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Zürich na ETH, chuo cha teknolojia cha mji huohuo, na Uhandisi wa Fedha wa EPFL, chuo cha teknolojia cha Lausanne. Ada bado ni ndogo ukilinganisha na London, ingawa ETH na EPFL wamepandisha mara tatu kwa wanafunzi wapya wa kigeni kuanzia vuli ya 2025. Maisha ndiyo yanayouma: utatakiwa kuonyesha takriban faranga 21,000 za mwaka mmoja. Na udahili wao unachuja hisabati bila huruma. Ukimaliza unapata miezi sita ya kutafuta kazi, na mwajiri anayechukua mtu wa nje ya Ulaya ana maelezo ya kutoa serikalini. Inawezekana, ila usiifanye kuwa ndiyo mpango wako pekee.

Amsterdam watu wetu huisahau, na ninasikitika kila nikiliona hilo. Kampuni za biashara ya haraka za Optiver, iliyoanzishwa 1986, IMC ya 1989 na Flow Traders ya 2004, zote zimezaliwa hapo. Kazi inafanyika kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Amsterdam kina shahada ya miaka miwili ya michakato nasibu na hisabati ya fedha. Delft na Rotterdam nao wana zao. Mhitimu hupewa mwaka mzima wa kutafuta kazi, na kiwango cha mshahara kinachohitajika kwa kibali kwa mhitimu ni cha chini kuliko kwa mgeni mwingine. Ada inazunguka euro 20,000 kwa mwaka, kwa hiyo bila ufadhili bado ni mlima.

Ujerumani nimeiweka mwisho kwa sababu ndiko ningekuelekeza wewe. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Kuna tofauti: jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni euro 1,500 kwa muhula, na Chuo cha Ufundi cha München kimeanza kutoza wageni euro elfu kadhaa kwa muhula tangu 2024. Tazama Kaiserslautern. Ni mji mdogo, Dar hakuna anayeutaja, lakini kuna shahada ya hisabati kwa Kiingereza yenye mkondo wa hisabati ya fedha, na jirani yake ipo taasisi ya Fraunhofer ya hisabati ya viwanda, yenye idara nzima ya hisabati ya fedha inayofanya kazi na benki na bima. München kuna chuo kikuu cha LMU, chenye shahada ya hisabati ya fedha na bima, na mji huo ndio makao ya Allianz na Munich Re. Kwa mtu wa Takwimu Bima hapo ni kama Mwarabu kufika Maskati.

Utahitaji akaunti maalumu iliyofungiwa euro 11,904 za mwaka, ambazo utachukua euro 992 kila mwezi. Hizo ni fedha zako za kula, si ada inayopotea. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, na Wajerumani wana utaratibu wa kuajiri wanafunzi kwa saa chache kila wiki kwenye fani zao, wanaouita Werkstudent. Mtu akifanya hivyo mwaka mzima kwenye kitengo cha vihatarishi, anamaliza shahada akiwa na uzoefu wa Ulaya tayari. Ukihitimu, una miezi 18 ya kutafuta kazi. Ubaya wake ni lugha. Darasani ni Kiingereza, lakini bima na benki nyingi za huko zinaendeshwa kwa Kijerumani. Ukitaka njia hii, anza Goethe-Institut Dar mwezi huu, usingoje barua ya udahili.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda hukulitarajia. GPA yako ni nzuri, lakini Takwimu Bima kwa kawaida haina uchambuzi halisi (real analysis) wa kutosha wala nadharia ya kipimo, na kamati ya udahili itaiona transkripti kabla ya barua yako. Pengo hili linazibika. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003, ina kituo Kigali, na hutoa shahada ya uzamili ya takriban mwaka mmoja kwa ufadhili, chakula na malazi vikiwemo. Wengi hutumia mwaka huo kuimarisha hisabati na kupata barua za walimu wanaojulikana Ulaya. Kwa mtu wa miaka 26 mwaka mmoja Kigali si kuchelewa. Usipopata, nenda idara ya hisabati hapo Mlimani, omba kuhudhuria uchambuzi halisi na uwezekano, na ufanye mtihani wake kama watakuruhusu.

Kuhusu ufadhili, soma masharti kabla ya kushangilia. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ni ya heshima na inalipa kila kitu, lakini inakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Kwa anayetaka kujenga maisha ya kazi Dar ni baraka. Kwa anayetaka dawati la London, inamwondoa kwenye foleni siku ile ile anapohitimu. Clarendon ya Oxford haina sharti hilo. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, hulipa euro 1,400 kwa mwezi mpaka miezi 24 bila ada, na zimewahi kuwamo shahada mbili za karibu na fani yako: QEM, ya uchumi wa kihisabati, na MathMods, ya modeli za kihisabati inayoongozwa na L'Aquila, Italia. Si za kwanti kwa jina, lakini nimekaa meza moja na watu waliopita humo.

Swali la nyumbani hukuliuliza, nami silipiti. Ikitokea umerudi, kuna nini? Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya biashara tangu 1998, Nairobi walifungua soko la mikataba ya baadaye mwaka 2019, na Benki Kuu ya Tanzania ilihamia mfumo wa kuongoza sera ya fedha kwa riba Januari 2024. Kazi za modeli zipo: mikopo, bima, mikopo ya simu. Za kupanga bei za opsheni ni za kuhesabu. Ukirudi na shahada ya bure ya Ujerumani utakuwa mtaalamu anayetafutwa. Ukirudi na deni la pauni 50,000, mshahara wa hapa hautalilipa, na kiwanja kitakuwa kimeshajengwa na mtu mwingine.

Kabla ya kutuma maombi popote, waandikie wahitimu wanne wa shahada hiyo, na wawili wawe kutoka Afrika au Asia. Waulize jambo moja: kati ya wenzao wasio na pasipoti ya Ulaya, wangapi walikuwa na kazi ya fani miezi sita baada ya kuhitimu? Chuo kikikwambia "asilimia 95 wameajiriwa", uliza ni 95 ya wangapi, na kati ya waliojibu au ya wote. Kama udahili wa London ulipitia kwa wakala wa Dar, muulize waziwazi kama chuo kinamlipa kamisheni. Wengi hulipwa, si dhambi, lakini uzito wa ushauri wake unabadilika.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Transkripti yako ipeleke kwa mhadhiri wa hisabati anayekufahamu, akae nayo nusu saa na kalamu. Yeye ataona pengo kuliko mimi. Masharti ya viza yahakikishe ubalozini au kwenye tovuti rasmi wiki ile ile unayoomba, kwa sababu yanabadilika, na kama umewahi kunyimwa viza, mwone mwanasheria wa uhamiaji badala ya kijana wa stationery. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, nao waulize jinsi shahada hiyo itakavyotathminiwa ukirudi. Na kama familia bado inafikiria kuuza au kukopa, kaeni na mtu wa mahesabu asiye ndugu, mwandike pembeni ya kila namba: nini kitatokea nisipopata kazi mwaka wa kwanza?

Mpango wangu kwako basi ni huu. Omba AIMS na Erasmus Mundus katika dirisha linalofunguka mwisho wa mwaka; omba Oxford kwa tarehe ya ufadhili, ambayo huangukia Desemba au Januari; omba Kaiserslautern na LMU mwakani zinapofunguka. Kazi usiiache. Kila jioni fanya tatizo moja la uwezekano, kwa mkono, bila kompyuta.

Na baba msalimie sana. Mwambie nimesema asiuze kwanza. Majibu mengi ya ufadhili hutoka kati ya Machi na Mei. Mpaka hapo kiwanja kikae kama kilivyo.